Valvu ya Kumi na Moja Iliyokwenda Kiel

Charanjit Singh alizaliwa Nairobi, nyuma ya karakana ya reli, na mpaka anatimiza miaka arobaini hakuwahi kudhani kwamba angekuja kuishi mahali ambapo siku za baridi jua huchomoza saa mbili na kuzama saa kumi. Baba yake alikuwa fundi wa boila za garimoshi, na yeye akarithi kazi hiyohiyo: kujaza boila maji, kuyasukuma kwa pampu mpaka shinikizo lifike mara mbili ya kawaida, kisha kuzunguka na taa mkononi akitafuta mahali chuma kinapotoa jasho. Baba alikuwa akimwambia, "Mwanangu, boila isiyopimwa ni bomu lililowekewa magurudumu." Maneno hayo yalimwingia mwilini. Hata chumbani kwake alikuwa haketi kitini kabla hajakitikisa.

Mambo yalipobadilika kwenye reli, na kazi zikaanza kupewa wenye uraia, Charanjit alikuwa hajachukua karatasi za Kenya. Mwaka 1966 akapanda ndege kwenda Birmingham peke yake, akamwacha mkewe Jaswinder na binti zao wawili katika nyumba ya shemeji, mtaa wa Pangani. Makubaliano yalikuwa kwamba angetafuta kazi na vyumba viwili, kisha awaite.

Kazi aliipata kwenye kiwanda cha Threlwell, kando ya mfereji, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka Soho Road. Kilikuwa kiwanda kidogo cha watu sitini hivi, kinasubu chuma na kutengeneza valvu za meli. Msimamizi, Bwana Tranter, mtu mnene mwenye kikohozi kisichoisha, alimpima kwa macho kutoka kilemba mpaka viatu, akamuuliza, "Jina lako nani?" Alipotajiwa, akasema, "Tutakuita Charlie." Basi akawa Charlie kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha akarudi kuwa Charanjit Singh.

Lakini meza ya kupimia alipewa yeye. Valvu ikitoka kwenye kalibu na kuchongwa, ililetwa kwake. Aliifunga kwa bolti, akaijaza maji, akapandisha geji ya shinikizo, akaiacha nusu saa huku akiipapasa kila upande kwa kiganja kikavu. Ikipita, aliipiga muhuri wa chuma wenye herufi C na S. Ikitoa jasho, aliichora msalaba kwa chaki nyeupe ikarudi kuyeyushwa. Kile kimuhuri alikipenda, maana pale ndani palikuwa mahali pekee ambapo jina lake halikuwa Charlie.

Pale kiwandani palikuwa na Mkenya mwingine, Jairus, kijana wa Kimaragoli wa miaka ishirini na sita. Mchana alipiga tupa, akilainisha vyuma vilivyotoka kwenye kalibu, na jioni alisoma uhandisi kwenye chuo cha Aston. Ada alijilipia mwenyewe. Wawili hao walizungumza Kiswahili wakati wa chai, na Waingereza walidhani Wahindi wote na Waafrika wote wana lugha moja. Jairus alimwita "Fundi", naye akamwita "ndugu yangu".

Novemba 1967 ilikuja oda kubwa: valvu kumi na sita za kupitisha maji ya bahari kwenye matangi ya meli ya mafuta. Masanduku yaliandikwa kwa rangi nyeusi HOWALDTSWERKE, KIEL. Hata Charanjit, ambaye hakuwahi kufika pwani zaidi ya mara mbili, alilijua jina hilo. Ilikuwa kampuni ya Wajerumani iliyoanza na boila, ikaja kutengeneza meli za kila namna, na kuuzia watu kama hao ilikuwa heshima. Mzee Threlwell mwenyewe alishuka kutoka ofisini akawaambia mafundi kwamba Wajerumani wakiridhika, kiwanda kina kazi ya miaka mitano. Hakusema wasiporidhika itakuwaje. Kila mtu alijua.

Siku ya kufunga masanduku ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Jioni ya kuamkia siku hiyo, valvu namba kumi na moja ilikuwa imetoa jasho chini ya shingo, karibu na tundu la tatu la bolti. Charanjit aliichora msalaba na kuiweka kando. Asubuhi alikuta namba kumi na moja iko mezani, safi, haina chaki.

"Tumesubu nyingine," alisema Tranter. "Upesi, Charlie. Lori liko getini."

Charanjit aliifunga, akapandisha maji. Alipopapasa chini ya shingo, kidole chake kilipita mahali palipokuwa laini kuliko pengine, laini kama kipara. Akainama. Palikuwa na mng'ao wa tupa, mdogo kama shilingi. Alisimama hapo kidogo. Nje dereva wa lori alipiga honi. Geji haikushuka hata unywele mmoja, nusu saa ikatimia, na Charanjit akachukua nyundo na muhuri, akapiga.

Aliondoka na kijiwe kidogo rohoni, lakini hakukitazama. Mtu akiwa na familia upande wa pili wa dunia, viko vijiwe vingi, na huwezi kutazama vyote.

Ilikuwa wiki ya pili ya Januari, wamekaa juu ya masanduku wanakunywa chai, Jairus akaleta mazungumzo.

"Fundi, nikuulize kitu cha kazi. Ile lami nyeusi Tranter anayochemsha kwenye kopo, inaitwaje?"

"Lami gani?"

"Inanuka kama mishumaa. Nta, ulimbo na unga wa chuma. Mwezi wa kumi na moja alijaza nayo tundu kwenye moja ya zile valvu za Wajerumani, akanipa nilainishe na tupa. Akasema ni rangi ya msingi. Juzi nimesoma chuoni, nikaona rangi ya msingi haitengenezwi hivyo."

Chai ilimgeuka Charanjit mdomoni. "Ilikuwa namba ngapi?"

"Kumi na moja."

Charanjit aliweka kikombe chini taratibu. Alijua kitu hicho. Wazee wa Nairobi walikuwa wakikisimulia kama watu wanavyosimulia wizi: mkate mweusi wa kuzibia aibu ya msubu chuma. Kwenye maji baridi, kwa nusu saa, kinashika. Lakini kikikaa miezi karibu na injini, joto na mtikisiko vinakitafuna, na siku moja kinachomoka chote kwa mpigo. Na chini ya meli, pakishatoboka, bahari haikungoji utafute spana.

"Umemwambia mtu?" aliuliza.

"Nimekwambia wewe."

"Basi nyamaza kwanza."

Alimfuata Tranter mchana huohuo. Tranter alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akafunga mlango wa kibanda chake.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Geji ilishuka?"

"Haikushuka."

"Muhuri ni wa nani?"

Charanjit aliutazama mlango uliofungwa.

"Muhuri ni wako, Charlie. Mimi sina muhuri. Ukitaka kupiga kelele, piga, lakini watakaposoma ile valvu watasoma jina lako." Akakohoa mpaka macho yakalowa. "Si unaleta mke na watoto? Nenda kazini."

Kuanzia siku hiyo usingizi ulimhama. Chakula kilikuwa kama machujo. Nyumbani Handsworth alikopanga, wenzake walizungumza jambo moja tu: kwamba serikali inatunga sheria ya kufunga mlango kwa watu wa Afrika Mashariki, na kwamba kila ndege ya kutoka Nairobi inajaa. Jaswinder alikuwa ameandika kwamba amepata nafasi kwenye ndege ya tarehe kumi na nne Februari. "Usiache kuja kutupokea," aliandika, "Narinder anaogopa ngazi za ndege." Narinder alikuwa binti yao mdogo, na hofu yake hiyo Charanjit alikuwa amemsimulia Jairus wakati wa chai. Charanjit alisoma barua hiyo mara sita, na kila alipofika kwenye neno ngazi aliona ngazi nyingine, za chuma, ndani ya chumba cha injini, na watu wasiojua kitu wakizipanda huku maji yanawafuata kwa nyuma.

Alijiambia kwamba labda valvu itashika. Alijiambia Wajerumani wana wapimaji wao. Mchana alikubali, lakini kila alipofunga valvu nyingine mezani na kunyoosha kiganja, kidole kilikumbuka ule ulaini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo alilijua, ila alitamani angalau maradhi yangoje mpaka tarehe kumi na tano.

Jumapili ya mwisho ya Januari alivaa koti lake jema, akapanda mabasi mawili mpaka Moseley, alikoishi mzee Threlwell. Nyumba ilikuwa kubwa ya matofali mekundu, ina madirisha ya rangi kama kanisa. Mzee mwenyewe alifungua mlango, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, akashangaa kumwona mpimaji wake barazani. Hakumkaribisha sebuleni, lakini hakumfukuza pia. Walisimama kwenye ukumbi, kati ya miavuli na viatu, na Charanjit akasema yote: jasho, msalaba, mng'ao wa tupa, ile lami. Jina la Jairus hakulitaja.

Mzee alikisogeza kiatu kimoja kwa mguu. "Ulipoona ule mng'ao," aliuliza hatimaye, "kwa nini ulipiga muhuri?"

"Kwa sababu lori lilikuwa linangoja, bwana. Na kwa sababu niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Sijui. Kila mtu."

Mzee alijipangusa uso kwa kiganja. Akasema, "Niachie mimi. Kesho nitalishughulikia."

Jumatatu ilipita. Jumanne ikapita. Jumatano Tranter alimwondoa kwenye meza ya kupimia, akampa fagio la kusafisha tanuri, asimwambie sababu. Alhamisi, tarehe mosi Februari, aliitwa ofisini, akapewa bahasha yenye ujira wake wa wiki na barua fupi isemayo kwamba kazi zimepungua. Mzee Threlwell hakuwepo. Karani alisema ana mafua.

Charanjit alisimama nje ya geti na bahasha mkononi, na jambo la ajabu ni kwamba hofu haikuzidi. Ilibadilika tu, ikawa na miguu. Akatembea moja kwa moja mpaka posta ya Soho Road, akaandika simu ya maandishi kwa herufi kubwa, kwa anwani aliyoikumbuka kwenye masanduku: VALVU 11 KUTOKA THRELWELL INA KASORO ILIYOFICHWA. MSIIFUNGE. CHARANJIT SINGH, MPIMAJI. Akaongeza anwani yake.

Ijumaa saa tisa alasiri tarishi wa posta akagonga mlango. Jibu lilikuwa na mistari miwili. VALVU IMESHAFUNGWA. MELI INAINGIA MAJINI JUMAMOSI TAREHE KUMI. TUPE NAMBA YA SIMU. PETERSEN, INJINIA.

Charanjit aliketi kwenye ngazi. Imeshafungwa. Alihesabu kwa vidole: siku nane.

Simu iliyokuwa karibu ni ya dukani kwa Vinubhai, mzee wa Kigujarati aliyehama kutoka Kisumu, auzaye mchele, unga na viungo. Vinubhai hakuuliza maswali. Alimwekea kigoda nyuma ya kaunta, kati ya magunia ya dengu, akasema, "Kaa hapo mpaka ilie. Mteja akiuliza, wewe ni shemeji yangu." Charanjit alituma namba kwa Kiel, akakaa Jumamosi nzima. Simu ililia mara nne, na mara zote nne ilikuwa ni mtu wa mchele. Jumapili duka lilifungwa, na siku hiyo aliimaliza akizunguka mitaani kama kuku aliyepoteza vifaranga.

Jumatatu saa tano asubuhi Vinubhai alimpa mkono wa simu huku amekodoa macho. "Ujerumani," alinong'ona.

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, nzito, inayopanga maneno ya Kiingereza moja moja kama apangaye matofali.

"Bwana Singh? Mimi Petersen. Jana nimeiangalia valvu hiyo kwa saa mbili. Sioni kitu. Imepakwa rangi. Muhuri wako upo. Sasa wewe unaniambia muhuri wako ni wa uongo?"

"Ndiyo, bwana."

Waya ulivuma.

"Niambie ulichokiona. Usiniambie unachokidhani."

Charanjit alifumba macho. Akamweleza: chini ya shingo, tundu la tatu la bolti ukihesabu kutoka kwenye muhuri kwenda kulia, jasho jembamba kama uzi. Siku ya pili pamekauka, pana mng'ao wa tupa.

"Nyundo haitakuonyesha," alisema. "Maji baridi hayatakuonyesha. Chukua taa ya kuchomea, kwangua rangi, pasha moto pale dakika tano. Kama ni chuma, kitabaki chuma. Kama ni nta, italia."

"Italia," Petersen alirudia. Kisha akasema jambo ambalo Charanjit hakulitarajia. "Hapa sote tuna matumbo joto, Bwana Singh. Kampuni yetu inaunganishwa na ya Hamburg. Kila mtu anajiuliza nani atabaki. Nikisimamisha meli kwa sababu ya simu ya mtu nisiyemjua, na ikawa hakuna kitu, mimi ndiye wa kwanza kwenda nyumbani."

"Mimi nimeshakwenda nyumbani, bwana," alisema Charanjit. "Walinifukuza Alhamisi."

Petersen alivuta pumzi. "Babu yangu alifanya kazi hapa. Alikuwepo mwaka 1887 walipoopoa kutoka matopeni chombo cha kupiga mbizi ambacho kampuni hii ilikitengeneza ilipokuwa bado changa. Kilizama hapahapa bandarini mwaka 1851, siku ya majaribio. Fedha zilikuwa haba, kwa hiyo mabati yakafanywa membamba kuliko fundi aliyekibuni alivyotaka. Maji yakayakunja. Ndani walikuwa watu watatu."

"Wakafa?"

"Hapana. Yule fundi aliwaambia wafungulie maji yaingie, yajae zaidi, mpaka shinikizo la ndani lilingane na la nje, ndipo mlango ukubali kufunguka. Fikiria hao wenzake wawili, wanazama, na mtu anawaambia waongeze maji. Babu alisema walitaka kumpiga. Lakini wakapona wote." Alisikika akiandika kitu. "Kesho nitapasha moto."

Simu ikakatika. Charanjit alibaki ameishika. Vinubhai alimletea chai, akamwambia anywe kabla haijapoa, naye hakuisikia ladha yake.

Jumanne hakukupigwa simu. Jumatano asubuhi ikalia.

"Imelia," alisema Petersen bila salamu. "Chozi jeusi, likatiririka mpaka sakafuni. Nyuma yake pana shimo linaloingia kidole changu cha gumba." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sasa nina swali jingine. Meli hii ina valvu nyingine kumi na tano zenye muhuri wako. Kuzikwangua na kuzipasha zote ni kazi ya usiku na mchana mpaka Jumamosi, na huenda Jumamosi tukaikosa. Ukiniambia ziko sawa, nitakuamini. Je, ziko sawa?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko posta, na kuliko ukumbi wa Moseley. Valvu kumi na tano alizipima kwa mikono yake miwili, na hakuna hata moja aliyoikumbuka kwa wasiwasi. Kusema ziko sawa kungekuwa karibu na kweli. Kungemwachia kitu kidogo cha kushika: kwamba alikosa mara moja tu, kwa sababu ya lori na baridi. Vinubhai alikuwa anapima dengu za mama mmoja, na jiwe la mizani likagonga sinia.

"Siwezi kukuambia," alisema Charanjit. "Nilikuwa naamini muhuri wangu. Sasa siuamini. Pasha zote."

"Zote."

"Zote, bwana."

Walizipasha zote. Petersen alimwandikia baadaye kwamba walikuta nyingine mbili, namba nne na namba kumi na nne, zenye matundu madogo zaidi, zimezibwa kwa ufundi kiasi kwamba hazikuwahi hata kutoa jasho mezani kwake. Meli iliingia majini siku tisa baada ya tarehe iliyopangwa. Wakubwa walikasirika, kisha walipooneshwa zile valvu tatu zimepasuliwa juu ya meza, wakanyamaza.

Jaswinder na binti zake walitua tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Narinder alishuka ngazi za ndege akiwa amefumba macho. Charanjit aliwapokea amevaa koti lake jema na tabasamu aliloliazima, akawapandisha basi la kwenda Birmingham, akawaonyesha vyumba viwili. Siku tatu aliaga asubuhi kama mtu aendaye kazini, akaenda kukaa maktaba ya mjini kwa sababu mle palikuwa na joto. Siku ya nne Jaswinder alimfungia njia mlangoni.

"Baba Narinder, mtu wa tanuri hurudi nyumbani na kucha nyeusi. Za kwako nyeupe. Unakwenda wapi?"

Akamwambia. Alidhani atalia, au atamuuliza kwa nini hakungoja wiki mbili. Jaswinder alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwenye hiyo meli kuna watu wangapi?"

"Thelathini, labda arobaini."

"Nao wana ngazi za kupanda." Akavua shali yake, akaikunja. "Kesho usiende maktaba. Kaa nyumbani ule vizuri, halafu tafuta kazi."

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Wajerumani walirudisha valvu tatu kwa Threlwell pamoja na barua kali, na mzee Threlwell, aliyekuwa amepona mafua, akafanya uchunguzi. Tranter aliapa kwamba lami hakuijua, kwamba aliyelainisha ni Jairus, na alama za tupa ni za Jairus. Ilikuwa kweli nusu, na kweli nusu ndiyo uongo mgumu kuuvunja. Jairus alifukuzwa mwezi Machi, katikati ya muhula.

Alikuja Handsworth jioni ileile. Hakukubali kuketi.

"Ulituma simu Ujerumani," alisema. "Ulikwenda kwa Threlwell. Mimi nikayasikia kwa watu, tena baada ya mwezi. Fundi, siri ilikuwa yangu kabla haijawa yako."

"Jina lako sikulitaja popote, ndugu yangu. Nilitaka kukukinga."

"Umenikinga?" Jairus alicheka kicheko kikavu. "Kule kijijini kwetu, mtu akienda kuwasha moto shambani, anamwambia jirani kwanza."

Charanjit alikwenda Moseley mara ya pili. Safari hii mzee alimkaribisha sebuleni. Alikuwa amezeeka kwa mwezi mmoja. Alikubali kwamba kijana hakujua alichopewa, alikubali hata kwamba Tranter ni mwongo, lakini alisema oda ya Kiel imekwenda, na kwamba akimwondoa Tranter sasa, hao wengine sitini hawatakuwa na mtu anayejua kusimamia tanuri. Aliandika barua ya kumsafisha Jairus, akaitia sahihi, akampa Charanjit aipeleke. Kazi hakumrudishia. Barua hiyo ilimsaidia Jairus kupata kazi ya kusukuma vitanda hospitalini, na kwa mishahara hiyo akamaliza Aston mwaka 1970, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Akarudi Kenya bila kuaga.

Kiwanda cha Threlwell kilifungwa mwaka 1972. Huko Ujerumani kampuni iliendelea na jina jipya refu, ikaunda meli za mafuta kubwa kupita zote za mwanzo, kisha bei ya mafuta ikaruka na matajiri wa meli wakaanza kufuta oda. Petersen alikuwa akituma kadi kila Desemba. Kadi ya 1974 ilisema kwamba sasa wanayo hofu mpya, kubwa zaidi, lakini valvu ni nzima.

Charanjit alipata kazi kwenye kiwanda cha magari upande wa Northfield, kufunga milango ya gari zinazopita mbele yake, na miaka sita ikapita kabla hawajamwamini kukagua kitu. Wasiwasi haukumtoka kabisa. Gazeti likiandika meli ya mafuta imezama mahali, alisoma mpaka mstari wa mwisho akitafuta imeundwa wapi, ndipo akameza mate. Binti zake walimcheka kwa Kiingereza, naye akawajibu kwa Kiswahili, na mama yao akawagombeza wote kwa Kipunjabi.

Agosti 1976 mtu mmoja mrefu mwenye suti alisimama mlangoni. Alikuwa Jairus, injinia wa wizara ya maji, amekuja Uingereza kwa mkutano wa siku tano. Jaswinder alimkaribisha kwa chapati na dengu kana kwamba alitoka jana. Walikula, wakazungumza habari za Nairobi, za reli, za bei ya sukari. Charanjit alingoja, kama zamani nyuma ya kaunta ya Vinubhai.

Mwishowe alishindwa. "Ndugu yangu, siku zile nilikukosea."

Jairus aliweka kikombe chini, akakitazama.

"Unajua kilichoniuma, Fundi? Si kazi. Kazi ningeipoteza vyovyote. Kama ungeniambia, ningefuatana nawe posta. Tungesimama kwenye mstari pamoja, watu wawili, na jina langu lingekuwa chini ya lako."

Charanjit alitikisa kichwa. Jaswinder aliingia na birika, akawaongezea chai wote wawili, na Jairus akauliza kama Narinder bado anaogopa ndege au sasa amezoea.